Fundi wa Kusikiliza

Watu wengi wakiona skana ya redio juu ya meza hudhani kazi yote inafanywa na kisanduku. Kioo kinawaka, namba zinakimbia, sauti ya mtu inatoka kwa sekunde tatu na kukatika, kisha inaingia ya mwingine asiyehusiana na wa kwanza. Mwenye kiti amekaa tu, mkono mmoja mezani, kama mtu anayesubiri chai. Kaa naye saa moja ndipo utaelewa. Mashine hunasa chochote kinachopita. Kujua kipi ni cha kufuata, kipi ni cha kuachwa, na kipi hakimhusu mtu yeyote nje ya wenyewe, hiyo ni kazi ya binadamu, na haifundishwi kwa siku moja.

Fundi ninayemzungumzia ni mzee wa Kitutu Chache, juu kidogo ya mji wa Kisii. Aliishi Minnesota, Marekani, miaka mingi, katika vitongoji vya Minneapolis ambako Wakisii wamekuwa wengi kiasi kwamba harambee ya matanga inaweza kufanyika Brooklyn Park kabla ya kufanyika Mosocho. Alikuwa akifanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mchana, badala ya televisheni, alinunua skana ya mezani na kujifunza kusikiliza mitandao ya redio ya jimbo lile. Amestaafu na amerudi nyumbani. Skana amekuja nayo, na ujuzi pia, ingawa hewa ya huku si ile ya kule.

Ili kuona ustadi wake ulipo, lazima kwanza tujue anachokifukuzia. Redio za mawasiliano za zamani, zile tulizozoea kuziita simu za upepo, zilikuwa na mpango mwepesi: polisi wana masafa yao, zimamoto wana yao, idara ya maji ina yao. Ubaya wake ni kwamba masafa ni machache na hayazaliani. Ya idara ya maji yanaweza kukaa kimya kutwa nzima huku polisi wakisukumana kwenye yao. Fikiria steji ya Kisii, gari la Keroka limekaa tupu likingoja watu wake na abiria wa Ogembo wamejazana wakinyeshewa. Mitandao mipya imevunja utaratibu huo. Ni kama magari yote yamewekwa chini ya karani mmoja. Abiria wa upande wowote wakifika anawapa gari lolote lililo wazi, na wakishuka linarudi mikononi mwake.

Katika redio, karani huyo ni kompyuta. Ana njia moja ya masafa isiyobeba maneno ya mtu, inayobeba amri tu. Askari akibonyeza kitufe, redio yake huomba nafasi kwenye njia hiyo. Kompyuta hujibu: kundi namba fulani, nendeni kwenye masafa fulani. Redio zote za kundi hilo huhamia huko pamoja, kwa kipindi kisichofika sekunde moja, bila mwenyewe kugusa chochote. Akinyamaza, masafa hurudishwa. Jibu la mwenzake laweza kupita kwenye masafa mengine kabisa. Hesabu inayothibitisha kwamba njia chache zikigawanywa hivi huwatosha watu wengi ni ya zamani kuliko redio hizi: Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa Denmark, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu msongamano wa simu mwaka 1909.

Kwa msikilizaji wa nje, mpango huo ulikuwa balaa. Skana ya kawaida hupita kwenye masafa moja baada ya mengine na kusimama penye sauti. Kwenye mtandao wa pamoja ingenasa nusu ya swali la zimamoto, kisha robo ya jibu la polisi, kisha mtu wa matrekta ya theluji akiuliza chumvi iko wapi. Mwaka 1997 kampuni ya Uniden ilitoa skana iliyoitwa TrunkTracker, iliyoweza kusoma njia ya amri na kulifuata kundi moja kila linakohamishwa. Tangu hapo kazi ya msikilizaji ilibadilika. Hatafuti tena masafa, anatafuta kundi.

Jimbo la Minnesota lina mtandao mmoja wa aina hiyo unaoitwa ARMER, wenye minara zaidi ya 300, katika eneo la megahezi 800. Polisi, zimamoto, magari ya wagonjwa na watu wa barabara wote wamo. Daraja la barabara kuu ya I-35W lilipoporomoka mjini Minneapolis tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13, idara mbalimbali ziliweza kusemezana kwa sababu zilikuwa tayari kwenye mfumo mmoja. Huo ndio mtandao mzee wetu aliojifunzia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuiandaa skana, na hapo wengi hukata tamaa. Huwezi kuiwasha tu ukategemea miujiza. Unaiambia mtandao ni wa aina gani, kituo cha mnara kilicho karibu nawe kina njia ipi ya amri na njia zipi za akiba, kisha unaingiza namba za makundi moja moja na kuzipa majina. Yeye aliandika zote kwanza kwenye daftari la shule la mistari, lile la kurasa 96, kwa kalamu ya risasi. Ninayo picha yake akilini hadi leo kwa vile bado analitumia. Upande wa kushoto namba ya kundi, katikati jina, kulia alama yake mwenyewe. Mstari mmoja maana yake husikika asubuhi. Miwili, husikika wakati wa dhoruba. Msalaba, wamefunga kwa msimbo, usipoteze muda. Namba zisizokuwa na jina alizipa nafasi tupu, akasubiri. Wiki ya pili au ya tatu mtu angetaja barabara, au shule, au namba ya gari la kuzolea theluji, naye angejaza jina. Hakubahatisha hata moja. Akiwa hajasikia ushahidi mara mbili, nafasi ilibaki tupu.

Kazi ya pili ni ya antena, na hapa ndipo ujuzi hupingana na akili ya kawaida. Mtu asiyejua huamini kwamba antena ndefu na ya juu ndiyo bora siku zote. Katikati ya mji, minara kadhaa ya mtandao mmoja hurusha neno lile lile, kwa masafa yale yale, kwa wakati mmoja. Ukiwa kati yao, wimbi la mnara wa karibu linafika kwanza, na la mnara ulio kilomita 15 mbali zaidi linachelewa kwa sehemu 50 za milioni ya sekunde. Ni muda mdogo mno kwa sikio. Lakini mfumo huo ni wa dijitali, hutuma alama 4,800 kwa kila sekunde, na ucheleweshaji huo tayari ni karibu robo ya muda wa alama moja. Alama zinapandana, skana inachanganyikiwa, sauti inatoka kama ya mtu anayezungumza akiwa chini ya maji au haitoki kabisa. Kioo kinaonyesha mawimbi yamejaa tele, na bado husikii neno.

Dawa yake ilikuwa kupunguza. Aliondoa antena ndefu, akaweka fupi ya kiganja, akaiteremsha kutoka dirishani hadi nyuma ya friji ili bati la friji liikinge na minara ya upande mmoja. Akaisogeza sentimita moja, akasikiliza. Akaisogeza tena. Siku ilipokaa sawa aliweka alama sakafuni kwa utepe wa gundi. Nguvu kwenye kioo ilishuka, na maneno yakasikika safi. Skana za karibuni zimetengenezwa kulikabili tatizo hilo zenyewe, lakini aliyejifunza kwa utepe wa sakafuni anajua kwa nini zinafanya hivyo.

Kazi ya tatu ni ya kuacha. Mtandao mkubwa una mamia ya makundi. Ukiyafungulia yote utasikia vipande visivyo na kichwa wala miguu. Mzee aligawa usikilizaji wake kama mkulima anavyogawa shamba: makundi machache ya kila siku, mengine ya hali ya hewa mbaya, mengine ya kuamshwa tu kukiwa na jambo. Kila kundi alilipa muda wa kungoja baada ya msemaji kunyamaza, kwa kawaida sekunde mbili, ili skana isikimbie kabla ya jibu kufika. Kwa magari ya wagonjwa aliongeza, kwa sababu muuguzi huangalia kwanza ndipo ajibu. Kwa watu wa barabara alipunguza, kwa sababu wao hujibu papo hapo. Hakuna kitabu kinachokupa namba hizo. Zinatokana na kuwajua watu kwa kauli zao tu, mtu ambaye hutamwona maishani lakini unajua akichoka husema polepole, na hatari ikiwa kubwa sauti yake hushuka badala ya kupanda.

Hata huko Marekani, ambako kusikiliza nyumbani kwa jumla kunaruhusiwa, kuna mipaka. Minnesota hairuhusu skana ya polisi ndani ya gari bila kibali, isipokuwa kwa watu kama wenye leseni ya redio za ridhaa, yaani za wapenzi wa redio wasiofanya biashara. Na mazungumzo yaliyofungwa kwa msimbo hayafunguki kwa msikilizaji, wala hapaswi kujaribu. Mzee ana msimamo wake juu ya hilo, na nimemsikia akiusema kwa vijana zaidi ya mara moja: aliyefunga mlango ana sababu zake.

Kisii ni habari nyingine. Mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Serikali ya Kenya iliipa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9 kujenga mfumo mpya wa mawasiliano na kamera za polisi, ukianzia Nairobi na Mombasa. Huku kwetu milimani simu ya upepo ya kawaida haijafa, na adui wake mkubwa ni ardhi yenyewe. Masafa yake hupenda kusafiri penye uwazi. Gusii haina uwazi. Ina mlima, bonde, mlima mwingine. Mtu aliye bondeni kando ya Mto Gucha anaweza kushindwa kumpata mwenzake aliye ng'ambo ya kilima anachokiona kwa macho, mpaka pawepo mtambo wa kurudufu mawimbi juu ya mlima kama Manga. Wazee waliofanya kazi za serikali wanakumbuka sauti hizo: "Unanipata? Ovaa." "Nakupata nusu nusu, panda juu kidogo."

Kuhusu kuyasikiliza mazungumzo hayo, sheria yetu ni kali kuliko ya Minnesota. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998 inataka mitambo ya redio iwe na leseni na inakataza kudukiza ujumbe wa wengine. Mzee analijua hilo kama anavyojua njia ya kwake. Aliporudi, jambo la kwanza alilofanya na skana lilikuwa kufuta makundi yote ya Minnesota yaliyokuwa ndani. La pili lilikuwa kushughulikia leseni ya redio za ridhaa kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Sasa skana yake hukaa kwenye masafa ya ridhaa peke yake, mara nyingi kimya, na kando yake ameweka redio ya pili ya mawimbi mafupi. Kwenye hiyo ya pili ndiko ustadi uleule unakoonekana vizuri siku hizi.

Kuna masafa ya megahezi 14.100 ambayo vituo 18 duniani hushirikiana kwa zamu, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Ni vituo vya ishara, vilivyowekwa na watu wa redio za ridhaa ili msikilizaji yeyote apime njia za angani. Kila kituo hutaja jina lake kwa mlio wa Morse, kisha hupiga milio minne mirefu ya sekunde moja moja. Wa kwanza hurushwa kwa nguvu ya wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, na wa nne sehemu moja ya kumi ya wati, nguvu ndogo kuliko ya balbu ya tochi. Ukiisikia hiyo ya nne kutoka bara jingine, jua njia imefunguka kweli.

Nilimkuta siku moja akimfundisha mpwa wake, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, ambaye alikuwa amekaza vipokea sauti masikioni.

"Mjomba, hiki ni cha nchi gani? Morse inanipita."

"Usiniulize mimi, uliza saa."

Maana yake ilikuwa kwamba zamu zinajulikana. Kwenye masafa hayo, dakika moja na sekunde 40 tangu mzunguko uanze ni zamu ya Afrika Kusini. Sekunde kumi baadaye ni Kenya, kwa jina la 5Z4B. Kumi nyingine ni Israeli. Kijana alitega. Afrika Kusini ikaingia, milio mitatu wazi, wa nne hafifu. Kisha mngurumo mtupu kwa sekunde kumi. Kisha Israeli.

"Kwa hiyo Kenya imezimwa?"

"Huenda imezimwa, huenda ipo. Wewe hutajua kwa kukaa hapa."

Akamweleza. Wimbi la masafa hayo hupanda hadi tabaka la juu la anga, kilomita mia kadhaa, likapindwa na kurudi chini mbali sana. Kituo kilicho zaidi ya kilomita 2,500 kinatua vizuri mlangoni pako. Cha nchini mwako, kilicho karibu, mara nyingi kinapita juu ya kichwa chako na kwenda kusikilizwa na wageni. Kwa hiyo kimya cha sekunde kumi si ushahidi wa chochote. Kijana aliandika kwenye daftari "Kenya haipo", mzee akamwomba afute na aandike "sijaisikia". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kazi nzima. Ni ileile ya kuacha nafasi tupu kwenye daftari la Minnesota mpaka ushahidi ufike mara ya pili.

Kisii inaongeza mtihani wake: radi. Upepo wa Ziwa Victoria hukutana na milima hii mchana, mawingu yakapanda, na wilaya zetu hizi za zamani, Kisii na Nyamira, zinajulikana kote nchini kwa radi zinazoua watu na mifugo. Kwenye redio ya mawimbi mafupi radi husikika kabla haijaonekana. Kwanza ni mikwaruzo ya mbali, mmoja kwa dakika. Kisha inakaribiana. Mzee huhesabu bila kuangalia nje. Ikifika mahali fulani anapojua yeye, hata jua likiwa bado linawaka, huinuka, akachomoa waya wa antena, akautoa nje ya dirisha na kuufunga kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini chini ya nguzo ya mkaratusi, akachomoa na umeme. Nimemwona akifanya hivyo katikati ya mawasiliano aliyoyangojea siku kadhaa. Hakusita wala hakulalamika. Majirani siku hizi wakiona waya umeshushwa huanua nguo.

Waswahili husema sikio halilali na njaa, na ni kweli kwamba kila mtu husikia kitu kila siku. Nchi yetu imejaa watu wanaosikia: kipande cha sauti kimesambazwa kwa simu, hakina mwanzo wala mwisho, na kufikia jioni soko zima la Daraja Mbili lina hakika ya jambo ambalo halikutokea. Tunachokosa ni watu waliofunzwa kusikiliza kwa nidhamu ya fundi huyu: atambue chanzo, angoje jibu, aache wazi asichokijua, na asichoruhusiwa asikiguse. Ujuzi huo ulizaliwa kwenye meza yenye skana, lakini daktari anauhitaji, mwandishi wa habari anauhitaji, na chifu anayesuluhisha kesi ya mpaka wa shamba anauhitaji kuliko wote.

Shule za sekondari za Kisii na Nyamira zina maabara za fizikia, na vyuo vya ufundi vina vijana wenye hamu. Redio ya kawaida ya mawimbi mafupi, saa inayokwenda sawasawa na daftari la kurasa 96 vinatosha kuanzia. Walimu waanze navyo, na atakayetaka kuendelea hadi kwenye skana au mtambo wa kurusha apite kwanza Mamlaka ya Mawasiliano akaulize anahitaji leseni gani, kabla hajatoa pesa dukani.